Mpira Usioviringika

Kocha,

Ulinidanganya kuhusu ule mpira. Na si mimi peke yangu. Mimi uliniambia uliukuta ndani ya belo la mitumba pale Nakuru, umeviringishwa kwenye sweta ya mtoto. Otieno, mrushaji wetu wa kwanza, ulimwambia kuna mtalii aliusahau hotelini Naivasha. Mkuu wa chuo naye ulimweleza kwamba ni zawadi ya kanisa. Siku ya mazishi yako tulikaa nyuma ya hema tukalinganisha hadithi hizo, tukacheka mpaka shangazi yako akageuka kututazama. Wewe uliyemwambia refa mbele ya watu wote, "Hiyo alama si yetu, iondoe," ulikuwa unaficha nini kwenye kitu kidogo hivyo?

Sikupata nguvu ya kukuandikia mapema. Moyo wako ulisimama ukiwa mbele ya darasa, chaki mkononi, unachora giaboksi ya trekta. Mimi nilikuwa zamu kliniki huku Naivasha. Ni muuguzi, najua kinachotokea moyo ukisimama, lakini Kamau wetu wa timu aliponipigia simu nilimuuliza swali la kijinga sana: "Alikuwa amemaliza kuchora?"

Hakuwa anajua. Hadi leo sijui.

Nikupe habari. Ziwa limepanda tena. Kule Kihoto, mtaani kando ya ziwa, maji yaliingia mpaka jikoni kwa mama yangu, amehamia kwa dada yangu kule juu na hataki kusikia neno samaki. Otieno amepandishwa cheo kwenye kampuni ya maua. Kamau amepata mtoto wa kike, na ana masikio ya baba yake, pole kwake. Na timu, Kocha, karibu ife.

Mkuu wa chuo alituita baada ya mazishi, sisi wa zamani pamoja na wanafunzi wanaocheza sasa. Alikuwa mpole. Alisema watu wa raga wanauomba uwanja, na sheria ya chuo inataka kila timu iwe na mwalimu mlezi. "Langat ndiye alikuwa timu," alisema. "Njooni mnieleze ilianza vipi na kwa nini, angalau nijue ninafunga nini."

Ilianza vipi, hiyo tulikuwa nayo. Kwa nini, hakuna aliyejua.

Mimi vipi yangu naijua vizuri. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nakatiza uwanja ule wa nyuma ya karakana nikielekea bweni, vumbi la Januari limenijaa machoni. Nyinyi mlikuwa kundi dogo la vijana wa uhandisi wa kilimo mnarushiana kitu chenye umbo la yai. Kikanipita, kikadunda kushoto wakati mimi nakitarajia kulia, na kwa hasira nikakipiga teke. Kikapaa juu ya vichwa vyenu, kikapita juu ya paa la karakana. Nikajua nimejitafutia makosa.

"Wewe! Unaitwa nani?"

"Wambui."

"Wambui, ukiletewa huo mpira, unaweza kurudia?"

"Na nikikosa?"

"Ukikosa tutakuwa tumejifunza kitu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpigaji mateke wa timu ya wanaume, na ndivyo ulivyonijibu kila nilipokosa, miaka yote.

Na nakumbuka ulivyotufafanulia mchezo wenyewe. Ulituketisha kwenye nyasi ukasema, "Futiboli ya Wamarekani ni mchezo wa shamba. Unapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ukizipata, unapewa nafasi nyingine. Ukishindwa, unamwachia jirani shamba, na yeye anakuja upande wako." Ulitaka tucheke. Hakuna aliyecheka. Kamau alikuwa amekaa karibu na Kiplagat, na sote tulijua wazazi wa Kamau walihama Molo na godoro moja, wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi, na kwamba watu wa kwao Kiplagat ndio waliobaki pale. Ulitutazama, ukaelewa ulichosema. Ukavua kofia.

"Basi sheria yetu ya kwanza ni hii," ukasema. "Filimbi ikilia, aliyeangusha ndiye anayeinua."

Miezi ile ya mwanzo hatukuangushana hata hivyo. Hatukuwa na helmeti, tulifunga vitambaa kiunoni na aliyenyang'anywa kitambaa ndiye alihesabiwa ameanguka. Lakini sheria yako tuliifuata. Kiplagat akishamnyang'anya Kamau kitambaa, alikuwa anampa mkono kana kwamba yuko chini kweli. Mwanzoni kwa mzaha. Baadaye sikuona mzaha tena. Wewe uliona lini? Au hukuwa unaangalia hilo?

Ile mechi yetu ya kwanza sikuisimulia mbele ya mkuu wa chuo, lakini nakusimulia wewe, kwa sababu mpaka leo inanichekesha nikiwa peke yangu. Timu ile kutoka Nairobi ilishuka kwenye basi na pedi za mabega, na helmeti zinazong'aa, tukaogopa kabla hawajafunga kamba za viatu. Kwa heshima walikubali tucheze kwa vitambaa. Otieno akamrushia Kamau mbele. Kamau akamrushia Kiplagat mbele. Kiplagat naye akarusha mbele, kama netiboli. Refa akapiga filimbi mpaka pumzi ikamwishia.

"Jamaa, mpira unarushwa mbele mara moja tu kila nafasi! Nani aliwafundisha?"

Ukainua mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi."

"Ulijifunzia wapi?"

"Kwa simu. Bando ziliisha kabla ya kufika hapo."

Tulifungwa vibaya sana. Baada ya mechi sisi tulikuwa tumelala chini tunaona aibu, na wewe ulikuwa umemshika refa mkono unamuuliza maswali, mpaka dereva wa basi lao akaanza kupiga honi. Ulirudi kwetu unatabasamu kama mtu aliyeshinda. Nilidhani unajaribu kututia moyo. Sasa najua ulikuwa unatafuta kitu, na siku hiyo ulikuwa umekikaribia.

Kutafuta hiyo kwa nini, nilianza kwa Cherono, mke wako. Nilimkuta kwenye jiko la chuo anawafundisha wanafunzi kukata vitunguu. Nilimuuliza mpira ulitoka wapi.

"Wambui, mimi niliolewa nikaukuta juu ya kabati," akaniambia. "Nikiuliza anasema ni wa Kipng'eno. Nikiuliza Kipng'eno ni nani anasema ni ndugu yake, yuko Amerika. Kisha anatoka nje. Utauliza mara ngapi mtu anayetoka nje?" Akajipangusa macho, na sikujua kama ni kitunguu. "Lakini mama yake anajua. Jumapili twende."

Kwa hivyo tulikuja kwenu Mau Narok. Ngano ilikuwa imevunwa, mashamba ni mabua matupu mpaka kwenye msitu, na baridi ile yenu ilinipenya mpaka kwenye meno. Mama yako alitutengenezea chai, akatuacha tunywe hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mmekuja kuniuliza habari ya Kipng'eno. Hata Wesley, kocha wenu, alikuwa ananiuliza. Nilimwambia asiulize. Sasa nani atakatazwa?"

Akatueleza. Kwamba kaka yako mkubwa alikuwa anakimbia, na alikimbia vizuri hivi kwamba chuo kimoja cha Amerika kikamchukua. Kwamba mlima mzima ulikuja kumuaga, wakamwimbia mpaka barabarani. Kwamba hata mwaka haukuisha, mshipa wa kisigino ukakatika, haukupona sawasawa, na masomo yale yalikuwa ya miguu. Miguu ikiisha, yameisha. Aliona haya kurudi. Akabaki huko, akapewa kazi ya kufua jezi za timu ya futiboli ya chuo kile.

"Akipiga simu," mama yako alisema, "haongei habari ya kukimbia. Anaongea habari ya huo mchezo tu. Marehemu baba yake akakasirika, akamwambia, 'Sisi tulikupeleka ukimbie, wewe unatuhesabia yadi za Wazungu.' Hakupiga tena. Ikaja kifurushi. Hakuna barua ndani, ni huo mpira tu. Wesley alikuwa kidato cha pili. Aliuchukua akaenda nao kwenye mabua, anauangusha, unakwenda huku, anauangusha, unakwenda kule. Jioni akaniuliza, 'Mama, mtu anatumaje mpira usioviringika?'"

Cherono aliweka kikombe chini. Mimi sikuweza kuweka changu popote.

Kwa hivyo ni hilo, Kocha? Ulikusanya watoto wa watu, ukawafunga vitambaa kiunoni, ukabishana na wakuu wa chuo, ukasimama kwenye jua na mvua miaka yote hiyo, ili uelewe ndugu yako alikuwa anasema nini kwenye simu? Kama ni hilo, ulilielewa? Na ulipolielewa, mbona hukumwambia?

Mama yako alikuwa na jambo moja zaidi. Habari za kifo chako zilimfikia Kipng'eno kupitia watu wa Mau walioko huko, na alipiga simu baada ya mazishi. Mama alisikia sauti, akashindwa kusema, simu ikakatika. Namba ilikuwa bado imo. Alinipa simu yake akasema, "Wewe una mdomo. Ongea."

Nikampigia. Nilijieleza jina, nikasema mimi ni mchezaji wa timu ya Kocha Langat.

"Timu gani?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa na kutu.

"Timu ya futiboli. Ya Wamarekani. Ya chuo."

Nilidhani amekata.

"Wesley alikuwa na timu?"

Hukumwambia. Kwa hivyo nilimwambia mimi. Nilimwambia habari za uwanja nyuma ya karakana, na refa, na bando. Alicheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na mama yako akasogea karibu na simu.

"Ule mpira," akasema, "ulitupwa kwa sababu ulikuwa umechakaa. Nikauchukua. Sikuwa na kitu kingine cha kutuma. Sikujua niandike nini." Akavuta pumzi. "Sijawahi kucheza huo mchezo hata siku moja. Nilikuwa nafua jezi, basi. Nilikuwa naueleza nyumbani kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiona."

Kisha akaniuliza maswali. Nani anarusha? Uwanja una mteremko? Mvua ikinyesha mnafanyaje? Nilipomwambia mpigaji mateke wa kwanza alikuwa mimi, msichana wa uuguzi, akasema, "Ah, Wesley," hivyo tu. Nilimpa mama yako simu. Waliongea kwa lugha yenu, nami nikatoka na Cherono tukasimama kwenye mabua.

Mbele ya mkuu wa chuo nilieleza yote hayo. Wanafunzi walikuwa hawajui hata kidogo. Kijana mmoja mkubwa wa safu ya mbele, yule uliyekuwa ukimwita Trela, alilia bila kujificha. Mkuu wa chuo akasema ameelewa kwa nini, lakini sheria bado ni sheria, na mwalimu mlezi yuko wapi?

Cherono akasimama. Cherono wako, ambaye hajawahi kutazama mechi hata moja kwa sababu alisema hawezi kuona watu wakigongana kabla ya chakula.

"Mimi ni mwalimu wa chuo hiki," akasema. "Niandikeni."

Mkuu wa chuo alimtazama, akaandika.

Kwa hivyo tuko, Kocha. Watu wa raga wanatumia uwanja asubuhi na sisi jioni, na si wabaya, wametuachia hata magunia yao ya kugongea mazoezini. Vijana walinichagua mimi niwe kocha. Nilikataa, nikakataa, kisha nikaomba kliniki wanipe zamu za asubuhi.

Jumamosi iliyopita tulicheza na watu wa Nairobi, sasa na helmeti na pedi kama wao. Tulimleta mama yako, tukamketisha na blanketi mstari wa mbele kati ya Otieno na Cherono. Aliuliza kila kitu. Kwa nini wanainama hivyo? Yule mwenye filimbi ni baba wa nani? Kufikia kipindi cha tatu alimshika Otieno mkono: "Mbona yule mwenye mpira hakimbilii upande usio na watu?"

Otieno akamwambia, "Mama, hicho ndicho tunajaribu kuwafundisha miaka yote."

Tulishindwa. Lakini walitoka jasho, na nahodha wao alikuja kuniuliza tuliwezaje kumzuia mtu wao mwepesi. Sikumwambia. Hilo nadhani ungekubali.

Kuna mengi nataka kukuuliza bado. Sijui kama siku ile refa alipokueleza sheria ulimfikiria ndugu yako, au ulizifikiria yadi tu. Sijui kama ulikuwa unaogopa akikujibu atasema ulielewa vibaya. Nimeacha kutafuta jibu. Nimegundua naweza kuishi na swali, hata nikalipenda, na pengine hilo ndilo ulilotufundisha bila kulitaja.

Kipng'eno amepata tikiti. Anakuja Disemba. Jana alinipigia tena, na baada ya kuongea habari za ndege na baridi akaniuliza kwa sauti ya chini kaburi lako liko upande gani wa nyumba, la baba yenu liko upande gani, na kama kuna njia ya kufika bila kupita mbele ya watu. Nilimwambia iko, inazunguka nyuma ya zizi.

Nakuahidi nitampokea mimi mwenyewe. Nitampitisha nyuma ya zizi, nitamwonyesha mahali, kisha nitarudi jikoni kwa mama yenu nisaidie kuchemsha maziwa. Hatutamwita. Mtakaa kadiri mnavyotaka.

Pumzika, Kocha. Usimtorokee akianza kuongea.

Mimi wako,
Wambui