Mama Mkwe Ana Chuma Nyongani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumatano maana usingizi umeniruka, mimi ni mke wa mtu na mkaguzi wa abiria katika uwanja mkubwa wa ndege, na tangu hofu ya magaidi izidi tumeletewa mashine mpya ambazo, nakuapia, siku ya kwanza nilibaki mdomo wazi, begi limefungwa ndi nami naona mswaki, miwani, hata meno ya bandia ya babu wa watu yanacheka ndani ya soksi, na watu wanakuja, mawaziri kwa wabeba mizigo, wananyoosha mikono mbele yangu bila kunijua, na hiyo ni dhamana kubwa, sasa zamani mtu wa kwetu akifika tulisema "huyu wetu" akapita kando, lakini bosi mpya, tunayemwita Kufuli, amelipiga marufuku neno hilo, na Jumatano mama mkwe anasafiri kutibiwa, ana chuma nyongani, mashine italia, na ikilia lazima apapaswe mwili mzima, na mimi hata kiti chake sijawahi kukikalia! Mume wangu kasema, "Ukimpapasa mama yangu, usirudi hapa. Mpitishe kando, nani atajua?" Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Glovu

JIBU

Pole, mwanangu, lakini futa machozi kwanza. Meno yale yamenichekesha, kisha yakanifikirisha. Watu wasiojuana wanakubali kupekuliwa na mgeni ili wote wafike salama! Kwangu mimi hilo ni ajabu kuliko ndege kuruka. Usiitoboe imani hiyo kwa sababu ya aibu.

Mumeo ana uchungu wa mama, namwelewa, ila anasema ovyo. Nani atajua? Mwenye nia mbaya ndiye atakayejua, maana kazi yake ni kutafuta mlango unaofunguliwa kwa upendeleo. Muulize ndege hiyo anapanda mama wa nani.

Leo hii mwombe Kufuli akutoe kwenye mashine saa ya safari hiyo. Mama akaguliwe na mwanamke mwenzako, chumba cha faragha. Mwenzako akinong'ona "huyu wetu", mjibu, "Ndiyo maana mkague vizuri." Na mama umwambie mwenyewe mapema, usimtume mwanawe, wakwe hawachukii kuambiwa, huchukia kushtukizwa.

Kisha msubiri upande wa pili. Atatoka peku, viatu vyake vikiwa kwenye trei, na nyonga ile haiinami. Piga magoti mbele ya foleni nzima, umvishe.