Ruhusa ya Kunyoa Nywele

Sarnath, 4 Mei

Mama mpendwa,

Nakusalimu, Jai Bhim. Natumaini hujambo, na mgongo umepata nafuu. Mimi mzima, joto tu linatuchemsha.

Mama, nimeamua. Mwezi mpevu wa Julai nataka kunyoa nywele na kuwa mtawa. Ndiyo siku Buddha alipofundisha hapa mara ya kwanza, kwamba maisha yana mateso, mateso yana chanzo, na yana mwisho. Mtawa mkuu yuko tayari kunipokea, lakini bila ruhusa ya mzazi hakuna wembe. Naiomba ruhusa hiyo.

Binti yako,
Ujwala

Kamptee, 15 Mei

Ujwala mwanangu,

Jai Bhim. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule. Ruhusa sikupi.

Baba yako amekufa, kaka yako naye homa ikamchukua, umebaki wewe. Umepanda treni kwenda kusomea mateso wakati hapa nyumbani yapo ya bure. Yule mwalimu wa Wardha bado anakuulizia. Rudi uolewe. Tena nasikia huko mabinti huandikiwa ruhusa na watu baki. Ukithubutu, usiniite mama.

Mama yako

Sarnath, 29 Mei

Mama yangu,

Jai Bhim. Pole na mgongo, usisokote zile sigara za bidi ukiwa umeinama kutwa.

Ni kweli, kuna mtu alijitolea kunisainia kama mjomba. Nimemkatalia. Kanuni hii ya ruhusa ililetwa na mzazi aliyeumia. Buddha aliporudi kwao, mwanawe mdogo alitiwa utawani bila wazee kuulizwa. Baba yake Buddha akamwambia, ulipoondoka wewe niliumia, sasa umenichukulia na mjukuu, uchungu umenifika mfupani. Akaomba asichukuliwe tena mtoto wa mtu bila idhini ya wazazi, akakubaliwa. Kwa hiyo kanuni ni yako, Mama, siizunguki. Lakini siachi kuomba. Ukikataa Julai nitaomba mwakani, na mwaka unaofuata, na mwalimu wa Wardha atafute mwingine.

Halafu jambo kubwa hivi haliombwi kwa karatasi. Buddha hakuwatumia ujumbe wale wenzake watano wa zamani waliomnunia na kuapa hawatainuka kumpokea, aliwafuata hapa kwa miguu. Nakuja nyumbani.

Binti yako,
Ujwala

Kamptee, 2 Julai

Ujwala mwanangu,

Jai Bhim. Natumaini ulirudi Sarnath salama. Simu zako sikupokea kwa sababu nilikuwa na hasira.

Siku ile ulipokuja nilikuwa nimewaapia majirani kwamba siinuki kukupokea, na maji sikupi. Nilipokuona kwenye kona na begi lako, nikashtukia nimeshasimama, kikombe mkononi. Ukakaa, ukanikanda mgongo, ukasokota bidi, ukaunguza mikate ya mtama kama kawaida yako. Nikangoja uombe ili nikatae. Hukuomba mpaka tulipofika stesheni, nami nikashindwa kukataa mpaka treni ikaondoka.

Nimefikiri sana. Nikikataa utanitii, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Utakaa hapa na bidi zako, na kila nikikutazama nitajua kwamba nimekushikilia kwa sababu ya hofu yangu. Sina furaha, usije ukadhani nina furaha. Nimelia na bado nalia. Lakini mwambie mtawa mkuu kwamba mimi, Sindhu, mama mzazi, nimekuruhusu kwa hiari yangu.

Nakuja na treni ya Jumatano. Wasikuguse kabla sijafika. Nywele hizo nimezipaka mafuta tangu ukiwa mchanga, na zikianguka nataka ziangukie kwenye nguo yangu.

Mama yako