Wanja Uliomponza Bwana Harusi

Shangazi Veska,

Barua hii nimeianza mara nne na mara zote nimeichana, kwa hiyo leo naandika mfululizo bila kuirudia nisije nikaogopa tena. Swali langu ni hili. Mtu ambaye ngozi ya chini ya nyusi imeshuka ikaifunika kope, ambaye akifumba macho ana kope pana nzuri lakini akiyafumbua yote imejificha, huyo anapakwaje wanja ukaonekana na usihame?

Ningeishia hapo ungenijibu kwa mistari mitano ukaenda zako, lakini si hapo inapoishia.

Mimi ni mpambaji. Nina miaka thelathini na minne, nina chumba nyuma ya saluni hapa Sevlievo na huu ni msimu wa nne nawapamba mabibi harusi, watu wananisifu, na hakuna ajuaye kwamba kila akija mteja mwenye macho ya namna hiyo namwambia nina miadi nyingine nampeleka kwa mwenzangu wa kiti cha pili, kwa sababu macho hayo ndiyo yangu mimi mwenyewe, ya bibi yetu mzaa mama, na tangu nikiwa na miaka kumi na mitano sijawahi kuyaweza, nikichora mstari ngozi inaumeza, nikiunenepesha unajipiga muhuri juu yake, nikipepesa mara mbili nafanana na mtu aliyechungulia bomba la moshi.

Snezhana ni binti wa mama yangu mdogo, tumelelewa nyumba moja na macho ni yale yale. Alipochumbiwa na Ognyan, kijana wa Gabrovo, fundi wa mashine, mpole mpaka anaudhi, alinishika mikono miwili akaniambia, "Dada, kama si wewe sipakwi na mtu." Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Nani mwingine angekupaka?" Kwa wiki tatu nikajifungia bafuni kila asubuhi najaribia usoni mwangu, mume wangu akawa anagonga mlango, "Mkimaliza kugombana na kioo nami nataka kunyoa!" na sikuweza hata siku moja.

Siku ya harusi kulikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa. Nilimfumbisha macho nikampaka rangi ya zambarau iliyoiva, nikavuta wanja mweusi mpaka pembeni, mashangazi wakapiga makofi, wakashuka kupokea wageni. Nikamwambia fumbua. Kikapotea kila kitu. Nikaongeza wanja mwingine juu ya ule wa kwanza kabla haujakauka, na alipofumbua tena wanja ulikuwa umeshagonga chini ya nyusi, jicho la kushoto, doa jeusi limechanganyika na zambarau. Nilimpiga picha kwa simu nipate kuliona vizuri, maana ana kwa ana nilikuwa nimeshachanganyikiwa. Nikasugua kwa pamba, likasambaa, unga wa rangi ukamwingia jichoni likawa jekundu likatoa machozi. Nikapaka poda juu. Kwa mbali doa halikuonekana. Nikamficha kioo, Shangazi. Nilikigeuza kikatazama ukuta, nikamwambia bibi harusi hajitazami tena, ni nuksi.

Basi akodiani na ngoma zikawa zimefika getini, wakaingia na kelele zao, Ognyan akapanda juu kumvisha bibi harusi kiatu kama ilivyo desturi, mimi nikatoka nikawaachia dakika zao mbili tatu mlango umefungwa. Walipotoka, poda ilikuwa imeshalowa jasho na machozi, na mtu wa kwanza kumwona mlangoni alikuwa baba yake, baba mdogo Marin.

"Nani amekufanya hivi?"

"Hakuna, baba. Ni wanja."

"Wanja hauletei jicho wekundu."

"Baba, niko sawa."

Shangazi, lazima nikueleze kwa nini neno hilo lilimwingia vibaya. Dada mkubwa wa Snezhana, Malina, aliolewa na mtu aliyekuwa akimpiga, miaka mitatu mizima baba yake akimuuliza anajibiwa niko sawa, ni mlango wa kabati, niko sawa, mpaka siku alipoitwa hospitali. Marin hakujisamehe. Sasa anamwona huyu wa pili anatoka chumbani na mwanamume, jicho moja jeusi, anamwambia niko sawa.

Mama mdogo alimwosha jicho kwa leso bafuni, doa likatoka, jicho likabaki limevimba kwa kusuguliwa, wakaenda kanisani hivyo hivyo. Kwenye karamu watu walikuwa wameshaanza kunong'ona. Marin akanifuata mlango wa jikoni, glasi ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, mkononi hajainywa.

"Wewe ulikuwa naye. Ulimwacha mzima au ulimwacha vile?"

Nikamjibu, "Baba mdogo, mimi niliwaacha wawili chumbani. Sijui yaliyotokea humo."

Ni kweli kila neno, na ndiyo maana linanichoma. Nilijua doa lilikuwepo kabla. Lakini meza ya tatu walikuwa wamekaa wateja wangu, na mkwe wa mwenye saluni, na Jumamosi zote za mwezi unaofuata nilikuwa na watu.

Aliiweka glasi chini. Alipita katikati ya wachezaji waliokuwa wameshikana mikono, akamkamata Ognyan ukosi, "Umempiga binti yangu siku ya harusi yake?" Ognyan alicheka, alidhani ni utani. Akatikiswa mpaka vifungo vya shati vikaruka. Muziki ukakatika. Mama yake Ognyan akapiga kelele, "Mwanangu hajapiga hata mbwa!" Watu mia mbili walikuwa wanatazama, nami nilikuwa nimesimama na sahani ya keki.

Leo ni wiki ya tatu. Ognyan amemwambia Snezhana kwamba baba yake hakanyagi kwao mpaka amwombe radhi mbele ya wale wale. Marin anasema atamwomba radhi mpiga wanawake siku akizikwa. Snezhana alinipigia simu akilia, "Dada, waambie. Wewe ndiye uliyenipaka," nami nikamwambia, "Labda ulijifuta bila kujua." Akakata simu. Hajapiga tena.

Na leo mama mdogo amenipigia kwa sauti ya chini. Jumapili hii Marin na kaka zake wawili wanakwenda Gabrovo kumrudisha Snezhana nyumbani, atake asitake. Gari limeshajazwa mafuta. Mama mdogo ameuficha ufunguo wa kabati la bunduki ya kuwindia, lakini anasema ameshaulizwa mara mbili uko wapi.

Picha bado ninayo. Ina saa yake juu, saa nne na dakika tano, na Ognyan alifika saa nne na nusu. Nikiitoa nimekwisha, saluni itanifukuza na Snezhana hatanitazama tena. Nisipoitoa sijui. Halafu Jumamosi ya wiki ijayo nina bibi harusi mwingine, na nimemwona, ana macho yale yale. Nisaidie. Nambari yangu iko nyuma ya bahasha.

Mpambaji wa Sevlievo


SHANGAZI VESKA ANAJIBU

Mwanangu, barua yako imenifikia Jumanne asubuhi. Gazeti hili linatoka Ijumaa, na mambo yenye kabati la bunduki ndani yake hayangojei Ijumaa, kwa hiyo niligeuza bahasha nikakupigia. Umeniruhusu niyaeleze yaliyofuata, majina nimeyabadilisha, na wasomaji wangu nawaomba wasianze kuulizana ni nani.

Nilikuuliza picha bado ipo, ukasema ipo. Nikakuuliza baba yako mdogo yuko wapi saa hizi, ukasema yuko nyumbani anapaka chokaa miti ya matunda. Nikakwambia vaa viatu.

"Sasa hivi, Shangazi? Nioge kwanza..."

"Umechelewa wiki tatu. Kuoga kutangoja."

"Atanifukuza."

"Atakufukuza wewe badala ya kwenda Gabrovo na kaka zake. Nenda."

Ulikata simu bila kuaga, nikajua umekwenda.

Kabla sijaendelea, nikugombeze, maana nisipokugombeza nitakuwa nimekuonea. Kuharibu wanja si kosa, hata mimi nimeshawahi kumpaka mtu nyusi zikatofautiana kama ndugu wa baba mbalimbali. Kumwogopa mteja si kosa. Lakini nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu, na kila ulipoandika kwamba unaogopa, ulikuwa unaogopea saluni, wateja, Jumamosi zako. Yule kijana aliyechaniwa shati mbele ya mama yake hukumwogopea hata mstari mmoja. Na yule baba, ambaye unajua fika kidonda chake kiko wapi, alikuja kwako akiwa bado anataka kuambiwa amekosea. Angefurahi! Alikuwa anakuomba umwambie amekosea. Ukampa jibu la wakili.

Ulinipigia jioni ile ile. Ulisema Marin aliishika simu yako mbali na uso, akatafuta miwani, akaivaa, akakuambia umsomee ile saa kwa sauti. Ukaisoma. Akauliza kijana alifika saa ngapi, ukamwambia. Akakaa kwenye ngazi na brashi ya chokaa mkononi, ikawa inamdondokea suruali.

"Nilikuuliza," akakuambia.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Hakukufukuza na hakukutukana, na ulisema afadhali angetukana. Nakubaliana nawe.

Juzi Jumatano amekwenda Gabrovo na mkewe, kaka zake amewaacha nyumbani. Mama mdogo amekusimulia. Ognyan alitoka mpaka getini, hakufungua. Marin alivua kofia akaomba radhi akiwa amesimama barabarani, majirani wakichungulia. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, mzee. Lakini siku ile tulisikiwa na watu mia mbili." Marin akajibu, "Una haki," na wamekubaliana Jumapili hii, baada ya ibada, uani mwa kanisa lile lile walilofungia ndoa, watu wale wale wakiitwa. Snezhana alisimama nyuma ya mumewe muda wote. Alimkumbatia mama yake kupitia nondo za geti. Wewe hakukuulizia.

Sasa sikiliza yaliyobaki.

Snezhana usimtumie ujumbe, na maua usipeleke. Usimweleze jinsi unavyoumia, ana mengi ya kubeba. Alikuomba kitu kimoja tu, waambie, na hicho hujampa bado. Picha umemwonyesha baba yake tu.

Mwenye saluni mwambie wewe kabla hajasikia sokoni. Akikufukuza, umefukuzwa. Mkono wako wa wanja atabaki nao nani? Wewe.

Bibi harusi wa Jumamosi ya wiki ijayo mpigie leo, umwambie macho yake ni ya aina ambayo umekuwa ukiiogopa, achague kubaki nawe au kwenda kwa mwenzako. Akibaki, aje siku mbili kabla mjaribu. Mimi nina miaka sitini na moja na kope zangu zimejifunika tangu ujana, kwa hiyo hapa sikupi ya kusikia. Acha kuwafumbisha watu macho! Hilo ndilo kosa lako lote la ufundi. Mkalishe sawa na kioo, kichwa wima, macho wazi yakitazama mbele, na uchore jicho lililofumbuliwa, kwa sababu hilo ndilo watu watakaloliona. Weka nukta ndogo juu kidogo ya pale ngozi inapokunjikia, rangi ya kahawia isiyong'aa ipite hapo juu, si kwenye mkunjo wenyewe. Mng'aro usiuweke kwenye ngozi iliyoshuka, unainenepesha. Futa mafuta kwanza, poda nyembamba, ndipo rangi. Wanja uwe uzi mwembamba kabisa kwenye shina la kope, wa aina isiyoyeyuka kwa maji, na mkia wa pembeni uuchore akiwa anakutazama. Kisha weka brashi chini, mpe kipande cha banitsa, mkate wa jibini, ale, mzungumze dakika kumi. Kama utahama, uhame akiwa kwenye kiti chako. Na kioo mpe mkononi tangu mwanzo, akitazame anavyotaka.

Imebaki Jumapili. Najua unapanga kusimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, umwache baba yako mdogo azungumze peke yake. Hapana. Radhi yake bila maneno yako watu wataisema ni ya mzee aliyelazimishwa na mkwe, na kufikia jioni uvumi utakuwa umerudi ulikokuwa. Utazungumza kabla yake. Usilete hadithi ya joto, wala ya bibi yenu, wala ya wiki tatu za bafuni. Sema ni wewe uliyempaka Snezhana, doa lilikuwepo kabla Ognyan hajafika, na baba yako mdogo alipokuuliza ulijua ukaficha. Mtazame Ognyan wakati unasema. Hayo ni maneno ya nusu dakika, nimeyapima kwa saa yangu ya jikoni.

Na usilie mpaka umalize, kwa sababu ukianza kulia watakubembeleza wewe, na siku ile si yako.