Majina Yaliyosogezwa Ndani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Mama hajambo, ila mguu tu. Mimi, Kidole Kimoja wenu, bado nachapa kwa kidole kilekile mlichokuwa mkikicheka.

Mama aliniomba nihamishe orodha ya marehemu Baba kutoka kwenye kompyuta yake kuukuu hadi kwenye kile kidaftari cha elektroniki cha kiganjani ulichomletea. Ndiyo kazi yangu ofisini, nikadhani nitaimaliza kwa saa moja. Unaikumbuka orodha yenyewe: maandishi matupu, jina ukingoni, na chini yake, hatua moja ndani, simu, anwani na maneno mawili matatu ya Baba. Chini ya kinyozi wake, kwa mfano, aliandika kwamba anasema sana lakini mkono wake mwepesi.

Nisilolijua ni kwamba Baba hakufuta marehemu. Mama alinieleza kuwa mtu akifariki, Baba alilisogeza jina lake ndani, chini ya mtu ambaye marehemu alimpenda zaidi, ili asikae peke yake. Programu ninayohamishia haijui huruma hiyo. Kila kilichosogezwa ndani inakihesabu kuwa maelezo ya aliye juu yake. Nilipofungua kidaftari, Bibi alikuwa amekaa mahali pa anwani ya Babu. Tulicheka mimi na Mama.

Nikarudi kwenye orodha kuwatenga marehemu mmoja mmoja, nikamkuta Baba mwenyewe chini ya Mama. Nilimwuliza Mama kama ndiye aliyemsogeza, akasema hajui hata pa kuiwashia mashine ile. Jumatatu fundi cherehani, jirani yetu, alikuwa ndani, chini ya mkewe. Nilidhani nimebonyeza vibaya, kwani asubuhi hiyohiyo alinipungia mkono. Jumatano alifariki kitini, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Kinyozi akafuata: jina ndani, na siku ya tatu tukaletewa habari. Niliogopa, Dada, na sikumwambia mtu.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Jana asubuhi jina lako lilikuwa ndani, chini ya langu. Nikalirudisha ukingoni. Nilipofungua tena, lilikuwa limeingia ndani. Mara nne. Nikaelewa kuwa nafasi ile haikubali kukaa tupu, nikafanya jambo ambalo Mama halijui. Nililitoa lako, na langu nikalisogeza ndani, chini yako wewe uliyenibeba mgongoni. Limetulia tangu hapo.

Usinikasirikie, wala usije mbio, maana leo ni siku ya pili. Nisalimie shemeji, na watoto wabusu. Kidaftari nimekimaliza na Mama anakitumia vizuri. Ukifika nyumbani, mwombe akufungulie jina lako. Nitakuwa hapo, mahali pa anwani.

Ni mimi mdogo wako,
Kidole Kimoja