Chuchu Mbili za Ndama

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Nyati maji bado. Wiki ya tatu naandika sifa za mnyama ambaye sijawahi kumgusa. Rangi ya majivu, pembe zimelala nyuma, kwato pana, hazami topeni. Kuugua ni nadra. Kasoro moja: maziwa haba. Nimependekeza majike wapandishwe kwa mbegu ya kigeni. Rasimu ya ripoti nimempelekea daktari wa mifugo wa wafugaji wenyewe, kule bondeni wanakofugwa, kwa heshima tu. Wana dume mmoja bora wa kienyeji. Ripoti ikipita, atahasiwa awe wa kulima mpunga.

Jumanne, 4
Bosi wangu, Madame Katrien, anataka kurasa nne badala ya kumi. Nimekata magonjwa. Nimekata kwato. Maziwa yabaki, anasema. Ananikera.

Alhamisi, 6
Najichukia leo. Papa Bahati anayesafisha ofisi, aliyechunga ng'ombe Masisi kabla ya kukimbia vita, alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama picha iliyo kwenye rasimu: mwanamke anakamua upande huu, ndama ananyonya upande ule.
"Hawa bantu banakamulaka chuchu mbili tu," akasema. "Zingine ni za mutoto. Donc maman, ulipima nusu."
Picha hiyo nimeiona mara hamsini. Niliiona inapendeza, basi. Na bibi yangu Singida alikamua hivyohivyo, mimi nimemshikia kibuyu. Nimesoma hadi nikasahau.

Ijumaa, 7
Fomu zote za kupimia maziwa nimezipekua. Hakuna inayotaja ndama. Nimemwandikia daktari kumuuliza.
Nimebishana na Madame asubuhi nzima. Takwimu ni takwimu, anasema. Nikasema basi jina langu liondolewe kwenye ripoti. Saa tisa akakubali, amenuna: maziwa yapimwe upya, dume abaki, mbegu bora ichaguliwe humohumo kundini. Nimetuma masahihisho, nimekwenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini, nimekula mbuzi wa kuchoma peke yangu. Nilistahili.

Jumatatu, 10
Daktari amejibu. Ndiyo, chuchu mbili ni za ndama, tangu zamani, alidhani tunajua. Anashukuru kwa masahihisho. Dume walimhasi Jumatano. Msimu wa kulima umefika, wakaona rasimu yangu inatosha.
Hanilaumu. Afadhali angenitukana.
Anasema dume huyo ana watoto wawili, madume, bado wananyonya. Nimemwomba wasiguswe.