Mama Anajifunza Kuogelea

Bukoto, Kampala
9 Februari 2009

Mwanangu Anselme,
Hapo Goma mko wazima? Mimi naendelea, ila magoti yamenishinda. Kusimama dukani kutwa nzima nikiuza vitenge kumeyachosha. Daktari amenishauri niogelee, maana majini mwili unakuwa mwepesi. Kwa hiyo kila asubuhi naenda kwenye bwawa la hoteli hapa jirani. Usishtuke.

Mama yako,
Mbambu

Goma
27 Februari 2009

Mama mpendwa,
Pokea salamu zetu. Sisi wazima, Mungu asifiwe. Lakini nimeshtuka. Baba alizama katika Ziwa Kivu, mwili wake hatukuuona, na leo wewe unaingia majini kwa hiari yako? Tafuta dawa ya kuchua. Nakuomba uache.

Mwanao,
Anselme

Bukoto
14 Juni 2009

Anselme mwanangu,
Wajukuu hawajambo? Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikasirika.

Sisi watu wazima tunaokuja bwawani asubuhi tuna mambo yetu. Mzee Odur, polisi mstaafu mwenye sukari, haogelei. Anatembea majini akishika ukingo, na hapendi mtu ampite. Perpétue, mwenzetu mwingine, hathubutu kulowesha nywele. Anaogelea kidogo, anaongea sana, kisha anaenda kazini akiwa na furaha.

Mimi siku ya kwanza nilishika ngazi nikalia. Mwalimu wetu, Anena, akauliza, "Mama, unalia nini?" Nikamweleza habari za baba yako. Akashuka majini kando yangu, akasema, "Basi tuanze na kupumua."

Sasa navuka bwawa lote, hata upande wa kina kirefu. Magoti yametulia.

Baba yako hakujua kuogelea. Wewe kila wiki unapanda boti kwenda Bukavu, na hujui pia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mama yako,
Mbambu

Goma
4 Oktoba 2009

Mama,
Habari za afya? Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Mwezi uliopita upepo ulitukamata katikati ya ziwa. Abiria walisali kwa sauti. Mimi niliwaza maneno yako. Tulifika salama.

Leo baada ya misa nimemtafuta Mugisho, anayefundisha watu kuogelea hapa ufukweni. Nimeingia mpaka kifuani, nimevaa shati. Watu wamecheka. Mugisho akaniuliza kama inatosha kwa leo.

Nikamwambia bado.

Mwanao,
Anselme