Pepo Wangu Aliitwa Miyapi

Jumamosi, jioni.

Mvua imenyesha hapa Mugumu tangu saa nne asubuhi, na bomba la uani kwetu limekauka. Wanasema bwawa la Manchira limejaa, shida ni mabomba. Nimekinga ndoo tatu za maji ya mvua. Nimekaa kitandani na kikombe cha maji ambacho sijakigusa, nina hasira, na sijui nimwombe Mungu kitu gani.

Nianze na filamu, maana ndiyo iliyoleta yote haya.

Mwalimu Akinyi, ninayepanga naye nyumba na kufundisha naye shule moja, aliletewa flashi na kaka yake kutoka Shirati. Humo ndani kulikuwa na filamu ya kutisha, ya zamani hasa, ya binti aliyepagawa na padre aliyeitwa kumwombea. Ni zile filamu ambazo watu wazima husema waliziangalia ujanani wakashindwa kwenda chooni peke yao. Hii imetafsiriwa kwa Kiswahili na mmoja wa wale madijei wetu wanaotafsiri huku wakiongeza ya kwao. Leo hakuna shule na matope hayaruhusu kwenda popote, kwa hiyo tukafunga pazia mchana kweupe, tukakaanga karanga, tukawasha laptopu.

Binti anaumwa ugonjwa ambao madaktari hawauelewi. Anaongea lugha ambayo hajawahi kufundishwa. Padre mzee anapiga magoti kando ya kitanda cha binti na kumwamuru pepo ataje jina lake. Dijei akamjibia pepo: "Jina nimelisahau nyumbani, njoo kesho." Akinyi alicheka mpaka karanga zikampalia.

Mimi sikucheka. Kitanda kile nakijua.

Nikamwambia Akinyi jambo ambalo huwa nalisema kanisani tu, tena kwa kipaza sauti: kwamba hata mimi niliwahi kupagawa, na pepo wangu alitaja jina.

Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi kijijini Susuni, wilaya ya Tarime. Mimi siyakumbuki yote, nakumbuka joto na kelele. Yaliyobaki nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba nayaona kama niliyaona. Niliumwa ghafla siku ya Ijumaa, mwili unawaka, macho yanageuka. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani. Mama akanibeba mgongoni mpaka nyumba ya maombi, kwa mchungaji mpya, mtu wa kutoka mikoa ya kusini ambaye alikuwa na miezi michache tu kwetu. Humo chumbani walikuwemo yeye, akina mama wawili waombaji, Wakurya wa palepale Susuni, na mama yangu.

Mchungaji alitangaza mfungo mkavu. Mgonjwa hali, hanywi, mpaka pepo aondoke. Wakaomba Ijumaa yote na Jumamosi mpaka alasiri. Ndipo nikaanza kuongea lugha ambayo mchungaji hakuielewa. Akaamuru: taja jina lako. Nikajibu. Akaamuru tena, nikajibu vilevile. Miyapi. Miyapi. Miyapi.

Jioni ile ile nilipona. Ndivyo ushuhuda unavyosema. Kinachorukwa ni kwamba marehemu baba alifika na baiskeli ya jirani, akaniondoa mle ndani bila kumsalimia mtu, akanipeleka zahanati nikatundikiwa chupa mbili za dripu. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Kanisani wanasema dripu ilikuta pepo ameshaondoka.

Nilipofika kwenye lile jina, Akinyi alisimamisha filamu. Akaniuliza nililitamka vipi. Nikalitamka kama mchungaji alivyolitamka, kwa kishindo. Akaniomba nilitamke polepole, kama mtoto anayeumwa.

Nikalitamka.

"Bhoke," akasema, "hilo si jina. Ni Kijaluo. Miya pi. Nipe maji."

Mvua ilikuwa inapiga bati na nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia. Miya ni nipe, pi ni maji. Mtoto yeyote wa kwao anayejifunza kuongea huanza na hayo. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, nilijifunza wapi Kijaluo.

Mama yangu ni Mjaluo. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Migori. Mimi nililelewa na bibi huko mpaka nikawa na miaka minne, halafu nikarudishwa Susuni nikakuta Kikurya na Kiswahili, na kile cha bibi kikanitoka kichwani chote. Nilidhani kimenitoka chote. Mama mwenyewe hajawahi kukiongea nyumbani. Kikurya chake kimenyooka hivi kwamba wageni wanadhani kazaliwa Nyamwaga, kwa Wakurya wenyewe. Ni jambo ambalo familia nzima inalijua na hakuna anayelitaja.

Kwa hiyo nilikuwa naomba maji. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye malaria, sijanywa tone tangu jana yake, naomba maji kwa lugha ya bibi yangu. Na kila nilipoomba, walinikemea.

Nimecheka mchana huu, kicheko kibaya ambacho kilimtisha Akinyi. Maana Miyapi ni mtu mkubwa kwetu. Yupo kwenye orodha ya mapepo yanayofungwa kila Ijumaa, baada ya pepo la umaskini na kabla ya pepo mahaba. Shuleni waliniita Miyapi mpaka darasa la saba. Kuna mama mmoja pale Susuni aliyekosa mtoto kwa miaka mingi akaambiwa Miyapi amekaa tumboni mwake. Nipe Maji amekaa tumboni mwake.

Na mimi je? Mwaka jana nilikuwa likizo nyumbani, wakaniita niombee mtoto wa jirani aliyekuwa na homa, kwa sababu mimi nilishinda. Nilimwekea mikono kichwani. Nilipaza sauti kuliko wote, Miyapi toka, Miyapi toka. Sikuuliza kama amekunywa chochote. Yule mtoto yuko hai, namshukuru Mungu, lakini hilo linanichoma hata ninapoandika hapa.

Tuliimalizia filamu, sijui kwa nini. Mwishoni padre anajifungia na binti chumbani na kumwambia mama yake abaki nje. Mama anavumilia kidogo. Halafu anasikia mwanawe anamwita, anachukua shoka la kupasulia kuni na kuuvunja ule mlango. Dijei hakuwa na mzaha hapo. Akinyi alijificha uso kwa sababu ya pepo. Mimi nililia kwa wivu.

Wivu, ndiyo. Mama yangu hakuwa hata nje ya mlango. Alikuwa ndani.

Wale akina mama wawili Kijaluo chao ni cha kusalimiana sokoni. Mchungaji hakujua hata hicho. Chumba kile kizima, waliokuwa wananielewa ni wawili tu: Mungu na mama. Na hakuna aliyenipa maji.

Nimempigia mama simu saa kumi. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Shikamoo, nikasema, maana mdomo umezoea. Marahaba mwanangu, na akaanza kunieleza habari za kesho: kanisa linatimiza miaka kadhaa, wageni wanatoka mpaka Sirari, kitenge changu cha sare kimeshashonwa, na mchungaji ameniweka mtu wa pili kwenye ushuhuda. Sauti yake ilikuwa na furaha. Ushuhuda wangu ndio uliomfanya mama kuwa mtu kanisani. Hakai tena nyuma karibu na mlango, anakaa safu ya mbele, anaitwa Mama wa Binti Aliyefunguliwa.

Nikamkatiza. Nikamwambia, mama, miya pi.

Nilisikia kuku wake, nilisikia mtu akipita nje anamsalimia, naye hakumwitikia.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile nilisikia."

Hakukana. Ningependa angekana, ningekuwa na kitu cha kugombania. Akaniambia yote taratibu, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Mtungi wa maji ulikuwa pembeni ya ukuta, hatua mbili. Alishachota kikombe, alikuwa amekishika. Mchungaji akawageukia wote watatu na kuuliza: kuna anayeielewa lugha hii? Wale wawili wakatikisa vichwa. Mama naye akatikisa.

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilikuwa Mjaluo peke yangu kwenye ukoo ule," akasema. "Ningesema ni lugha yetu, wangesema pepo limetoka kwetu. Wangenirudisha ng'ambo bila wewe."

Basi akaliacha liwe langu.

Naandika sentensi hiyo na najua si haki yote. Ninaijua Susuni. Ninamjua shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa akimwita mama "yule wa ng'ambo" mpaka kifo chake. Mama hakudanganya kuhusu woga wake. Alipokuwa anasema hivyo nilimwona, binti wa miaka ishirini na kitu, mgeni, kikombe mkononi, na nikataka kumhurumia. Nilikaribia kabisa kumhurumia.

Lakini hiyo ilikuwa siku moja. Zimepita siku ngapi tangu hapo? Alikuwepo niliporudi kutoka shule ninalia kwa sababu ya jina. Alikuwepo mara zote nilizosimama mbele na kipaza sauti, miaka kumi na sita hii, nikisema kwamba mdomo wangu ulikuwa mdomo wa shetani. Alipiga vigelegele. Alinifunga kilemba vizuri kabla sijapanda.

Nimeishi najiogopa. Hili sijawahi kuliandika popote. Nikiota vibaya naamka nasikiliza kinywa changu. Kijana mmoja mzuri alitaka kunioa, nikamkataa bila kumweleza, nikihofia siku Miyapi akirudi anikute nimelala karibu na mtoto wangu. Mama alinishauri nisubiri maongozi ya Mungu. Angenishauri kwa maneno mawili tu, nipe maji, akaona bora anishauri kusubiri.

Na kuna hili ambalo limenijia nikiwa nakinga ndoo mvuani. Kila nikifika nyumbani, tangu utotoni, mama hunipa maji kabla hata ya salamu. Kikombe kikubwa, kimejaa, anasimama mbele yangu mpaka nimalize. Ndugu zangu hawapewi hivyo. Nilikuwa najivuna kwamba ananipenda mimi zaidi.

Alikuwa ananipa yale ya siku ile.

Mwisho wa simu aliniuliza kama kesho nitakuja. Si kwa amri, kwa sauti ndogo. Aliniomba kama nitasema kitu, nisiseme mbele ya watu. Mchungaji amezeeka, alisema, na watu wameshaamini. Nikamjibu sijui, nikakata. Sijawahi kumkatia mama simu.

Akinyi anasema nisiende. Anasema nikae, aninywishe chai, kesho tuangalie filamu ya mapenzi. Lakini mimi siwezi kumwachia Miyapi lile kanisa. Wale watu ni wangu. Wimbo wowote wanaoimba naujua sauti ya pili. Na Mungu wao bado ni wangu, hilo nimelipima mchana wote na nimeshindwa kuling'oa, pamoja na hasira niliyo nayo kwake. Yule mtoto wa jirani niliyemkemea ana mama. Naye atamleta tena akiumwa, na mtoto atanyimwa maji kwa jina langu.

Nimeshakiweka kitabu changu cha nyimbo kwenye mkoba. Gari la kwanza la Tarime linaondoka alfajiri, na ibada huwa haianzi kabla ya saa nne, kwa hiyo nitawahi.

Sitamtaja mama. Nimelifikiria sana hili na nimeamua. Nitavaa kile kitenge cha sare. Zamu yangu ikifika nitapanda, nitasimulia kama siku zote, homa, mfungo, maombi, mpaka pale pepo alipotaja jina. Nitalitaja polepole, kama mtoto anayeumwa. Halafu nitafanya alivyofanya mchungaji siku ile, nitawageukia wote na kuuliza: kuna anayeielewa lugha hii?

Nitanyamaza hapo. Nitaangalia safu ya mbele.

Kesho ni Jumapili. Mama, nitakusubiri unyooshe mkono.